Waya wa Kiti cha Nne

Katika mji ule hapakuwa na saa ukutani wala jua la kuaminika. Jua lilikuwepo, ndiyo, lakini lilining'inia palepale juu ya paa la soko kama kofia iliyosahauliwa na mgeni, na hakuna aliyelitegemea kwa lolote. Watu walihesabu maisha yao kwa mizunguko ya gitaa. Mtoto alizaliwa kwenye mzunguko, akaota meno, akaoa, akaota mvi, akazikwa, na yote hayo yaliongozwa na magitaa yaliyopigwa bila kupumzika ndani ya ukumbi mmoja usio na dirisha. Magitaa yakienda polepole, wali ulichelewa kuiva. Yakichangamka, wajawazito walijifungulia njiani. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wenye kona nne, na ukishafika kona ya nne ulirudi kwenye ya kwanza. Ulianza lini? Hakuna aliyejua. Kuujua mwanzo wake kungemtaka mtu awepo wakati ambapo wakati wenyewe haujakuwepo, na mambo hayo watu wa mji ule waliwaachia wagonjwa wa homa.

Mji ulisikia magitaa matatu. Ukumbini kulikuwa na viti vinne.

Cha kwanza alikalia Lubawa, mpiga solo, mzee mwembamba mwenye macho nusu wazi, ambaye alizikuna nyuzi kama anayemkuna mgongo mtu ampendaye. Cha pili kilikuwa cha Bi Zamda, aliyepiga ridhimu huku akitafuna karafuu, na mkono wake wa kulia ulipanda na kushuka kwa utulivu wa mtu anayepepeta mchele. Cha tatu ni cha Matimbwa, mpiga besi, bwana mnene aliyeweza kulala kabisa na kidole chake kisikose kona hata moja. Na kiti cha nne, kile cha karibu na ukuta, kilikuwa cha mwanafunzi. Mwanafunzi wa mizunguko ile alikuwa msichana aitwaye Mwamvua.

Mwamvua alikuja na kordi tatu. Alijifunza peke yake kwenye gitaa la galoni la mafuta alilolifunga nyuzi za breki za baiskeli, na vidole vyake vilikuwa na sugu za kujivunia. Lakini wimbo wa mji ulitaka kordi nne. Ile ya nne ilimtaka mtu alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, aibonyeze shingo ya gitaa kama anayefunga mdomo wa gunia, na Mwamvua kila alipofika hapo gitaa lake lilikoroma.

Na hakuna aliyemwambia afanyeje. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ukumbi: mwanafunzi hafundishwi. Anaketi, anapewa gitaa lenye waya, wimbo unapita mbele yake nao haumsubiri, naye anadandia anavyoweza. Desturi ya pili ilikuwa kwamba mwanafunzi haitwi kwa jina lake. Anaitwa Kiti.

"We Kiti," Lubawa angesema bila kuinua kope, "unaburuta."

"Nisamehe, Mzee."

"Usiniombe mimi msamaha. Waombe wanaopika huko nje."

Matimbwa angecheka usingizini, na wimbo ungekata kona.

Mwanzoni Mwamvua alilichukulia jina hilo kama utani wa wakubwa. Kisha unyayo wake wa kushoto ukafa ganzi. Ganzi ikapanda kifundoni, ikapanda gotini, na alipougonga mguu kwa kisigino cha gitaa ulilia kama ubao. Akaanza kulitamka jina lake kimoyomoyo kila kona ya kwanza, Mwamvua, Mwamvua, ili lisimtoke. Mzunguko mmoja lilimjia kwenye kona ya pili. Mzunguko mwingine lilimjia kwenye ya tatu, likiwa limechoka, kama mtu aliyetembea kutoka mbali. Hapo akaelewa kilichomkabili. Ama atasikika, ama atageuka mbao. Mtu husikika akawa mtu. Asiposikika, watu humkalia.

Lakini si nilikuwa nasikika? alijiuliza. Waya unatoka kwenye gitaa langu, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango wa ghala. Waliniambia ukipita pale unakwenda kwenye spika kubwa ya uwanjani. Nimewapigia watu wa mji mizunguko mingi kuliko nywele zangu. Wamekula kwa mkono wangu. Wamezikana kwa mkono wangu. Kwa nini basi napotea?

Ilikuwa tabia yake kumtazama Lubawa mkono. Waliketi wakikabiliana, naye hakuyaondoa macho yake kwenye vile vidole virefu vilivyokimbia juu ya shingo ya gitaa. Kidole cha Lubawa kikihama, naye akahama. Hivyo alichelewa daima, kwa kiasi cha kope kufumba na kufumbua. Na kwa kutazama sana, mambo yakamchanganyikia. Aliweza kuona kidole kikibonyeza uzi na asijue ni kidole cha nani. Aliweza kusikia maumivu ya uzi na asijue yanauma mkono upi. Nani anapiga? Mkono wangu. Mkono wangu unafuata nini? Mkono wake. Na mkono wake? Unafuata wimbo. Wimbo unafuata nini? Kona. Basi kona ndiyo ipigayo, na sisi wote tumekaa tu. Lakini kama sote tumekaa tu, mbona mguu unaokufa ni wangu peke yangu?

Swali hilo halikumtia hofu kama lilivyomtekenya. Mwamvua alikuwa mtu wa aina hiyo: ukimwonyesha shimo, kwanza atataka kujua kina chake, baadaye ndipo atakumbuka kuogopa.

Alianza na kidole gumba cha mguu wa kulia, ule uliokuwa bado na uhai. Aliunasa waya, akauvuta kidogo, shubiri moja tu, kwenye kona ya kwanza ambapo kordi ilikuwa rahisi na hakuna aliyemsikiliza. Waya ukaja. Akavuta tena mzunguko uliofuata. Ukaja tena, mlaini, bila ubishi wowote, na ulaini huo ukamkosesha raha. Kitu kilichoshikwa upande wa pili huvutana nawe. Huu haukuvutana na mtu.

Alivuta. Mizunguko ilipita, na waya ukajikunja chini ya kiti kama nyoka aliyeshiba. Mahali fulani ulikuwa umekatika na kuunganishwa kwa plasta nyeusi. Mbele zaidi uliungwa kwa uzi wa khanga. Mbele zaidi kwa nywele ndefu za mwanamke, zilizosokotwa vizuri na kufungwa mafundo mawili. Kisha pakaja pande la ubani wa kutafuna lililokauka, na alama ya jino ndani yake. Kila kiraka kilipomgusa kidole, Mwamvua aliacha kuwa yeye kwa kitambo. Kwenye uzi wa khanga kucha zake zilikuwa za mtoto, na alitamani sana maziwa. Kwenye nywele, mishipa ilimtoka mikononi, akakumbuka msiba wa mume ambaye hajawahi kuolewa naye, akakumbuka mpaka rangi ya shuka. Kwenye alama ya jino alikuwa mwanamume mwenye hasira anayejua kupiga vizuri. Halafu kiraka kikapita, naye akarudi. Kila aliporudi jina lilikuwa mbali kidogo zaidi.

Mtu hazibi kiraka kwenye waya asioamini kwamba una kitu ndani. Hilo ndilo alilolifikiria kwa muda mrefu, mguu ukivuta na mikono ikipiga. Hawa wote waliuguza waya huu. Waliupenda. Waliukatia nywele zao. Je, kuna hata mmoja wao aliyeuvuta mpaka mwisho?

Kwenye kona ya tatu ya mzunguko mmoja usio na sifa yoyote, mwisho wa waya ulipenya chini ya mlango wa ghala, ukaviringika sakafuni, ukasimama karibu na mguu wake.

Ncha yake ya chuma ilikuwa inang'aa. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Haikuwahi kuingia mahali popote.

Mwamvua aliendelea kupiga, kwa sababu mikono haikuwa na habari. Alizikung'uta nyuzi kwa nguvu, akasikiliza. Akasikia kile ambacho macho yake yalikuwa yamemziba asikisikie mizunguko yote ile: gitaa lake lilitoa mlio mwembamba wa waya mtupu, kama mtu anayekuna sufuria chumba cha jirani.

"Bi Zamda," aliita. "Waya wangu haujachomekwa."

Bi Zamda alihamisha karafuu shavu la pili. "Umefika mwisho wake?"

"Nimefika. Ncha haikukatika. Haikuwahi kuchomekwa popote!"

"Kumbe ana mguu mrefu huyu," Matimbwa alisema, na kwa mara ya kwanza akafungua jicho moja.

Lubawa hakuacha kupiga. "Sasa ulitaka mji mzima ukusikie unavyoparura? Kuna watu wagonjwa huko nje, Kiti. Kuna watu wanapanda ngazi. Sisi ndio saa yao. Ukiburuta wewe, mtu anakanyaga hewa."

"Mlisema unakwenda uwanjani."

"Tulisema unapita chini ya mlango. Si umepita?"

Matimbwa akacheka mpaka tumbo likaligonga gitaa, na huko nje, bila shaka, watu fulani wakajikwaa.

"Mzee," Mwamvua alisema, na sauti yake ilikuwa ya kutaka kujua kweli, si ya ugomvi, "aliyekaa hapa kabla yangu, naye hakuchomekwa?"

"Yule! Yule alikuwa mwanafunzi. Mkono mzuri, adabu nzuri. Hakuwahi kuvuta waya. Alipiga mpaka mwisho bila kuuliza swali hata moja."

"Yuko wapi?"

Lubawa alikata kona. "Umemkalia."

Mwamvua alitazama chini. Mbao za kiti zilikuwa laini kwa kukaliwa, na kwenye mkono wa kiti, pale alipozoea kuegemeza kiwiko, palikuwa na mistari minne myembamba iliyochimbika sambamba, kama alama za nyuzi kwenye ncha za vidole. Hakuwa na machozi. Alikuwa na maswali mengi mno kuweza kulia.

"Na wewe, Bi Zamda? Nani alikuchomeka?"

"Nani wa kunichomeka?" Mama yule alitema kipande cha karafuu. "Nilipiga bubu mpaka paja likawa mninga. Halafu nikaona kile chombo cha Lubawa pale nyuma yake, hiyo amplifaya, ina matundu manne. Tundu moja limezibwa kwa nta. Nikalizibua kwa pini ya nywele. Nilipohamia kiti hiki nikapewa tundu langu, lile wakaliziba upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanafunzi hafundishwi," Bi Zamda alisema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "na pini ninayo hapa kichwani, sijaifunga vizuri."

"Zamda!" Lubawa alifoka.

"Nimesema nini? Nimezungumzia nywele zangu."

"Sikiliza we binti." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Lubawa kumwita kitu kisicho samani. "Wimbo huu haujakosewa kamwe. Kordi ya nne huiwezi, wajua mwenyewe. Ukijichomeka na ukakosea, muda utavunjika."

"Ukivunjika inakuwaje?"

"Haujawahi kuvunjika."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui nini?"

"Inakuwaje."

Lubawa alifumbua macho yote mawili. Hakuwa mtu wa kusema uongo, angalau si moja kwa moja. "Sijui," alisema.

Ni neno hilo lililomwinua. Kama angemtisha kwa moto, kwa kaburi, kwa laana, huenda Mwamvua angeketi na kuendelea kuwa mbao. Lakini kumbe kulikuwa na kitu ambacho hata Lubawa hakijui! Alijikokota na kiti chake, maana mguu mmoja ulikuwa umeshashikamana nacho, akasogea kona kwa kona, akipiga, kiti kikikwaruza sakafu. Alipompitia Bi Zamda, pini ilikuwa imeshachomoza yenyewe kwenye msuko. Alibonyeza kordi kwa mkono wa kushoto, na kati ya pigo na pigo akachokonoa nta kwa mkono wa kulia. Nta ilitoka nzima, ngumu, na ndani ya tundu kulikuwa na giza safi kabisa.

Akachomeka.

Kwanza hakusikia chochote. Kisha, kutoka ng'ambo ya ukuta, kutoka uwanjani, juu ya mapaa na masufuria na vichwa vya watu, ikarudi sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Ilikuwa kona ya tatu. Ilikuwa kordi yake ya zamani, ile ya kwanza kabisa aliyoipata kwenye gitaa la galoni. Lakini sasa ilikuwa na upana. Ilikuwa na kuta na mlango. Mtu angeweza kuingia ndani yake na kuketi. Ni mimi hiyo? Kumbe ndivyo nilivyo kwa mbali? Akaisikiliza. Akataka kujua inaishia wapi.

Wenzake walikuwa wameshahama. Lubawa, Bi Zamda na Matimbwa walikuwa kona ya nne, na Mwamvua alikuwa bado amesimama kona ya tatu, ameduwaa, mkono umesahau kuhama. Sauti mbili zikagongana juu ya mji.

Lubawa akanyanyua vidole.

Wimbo ukasimama.

Ukumbini hawakuona kitu, lakini walisikia. Kilio cha mtoto mchanga kilichokuwa kikipanda huko nje kilibaki juu, palepale, hakikushuka. Ndoo iliyoteleza mkononi mwa mtu haikufika chini. Mtu fulani alikuwa anasema "subi", na "ri" yake haikuja. Mwamvua aliutafuta moyo wake kifuani akaukuta umeinua mguu mmoja.

"Rudia," Bi Zamda alisema. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa ikitembea.

"Nirudie nini?"

"Kosa lako. Likipigwa mara moja ni kosa. Sisi wakongwe tunajua hilo. Lirudie, nami nitalishika, Matimbwa atalichimbia msingi, litakuwa njia. Upesi, binti!"

Mwamvua alibonyeza. Kidole cha shahada kikalala juu ya nyuzi zote sita, na gitaa, ambalo lilikuwa limekoroma mizunguko yote ile, likatoa kordi ya nne safi, kamili, inayolia kama sahani ya kauri.

"Si hiyo!" Lubawa alipiga kelele. "Ile mbovu!"

Akajaribu tena. Safi tena. Kichekesho gani hiki? Alikuwa ameitafuta kordi hii kwa damu, nayo ilimkimbia. Leo anaikimbia, nayo inamng'ang'ania. Vidole vilikuwa vimejifunza bila ruhusa yake. Kila alipolitafuta kosa, mkono ulimpeleka penye haki, na penye haki palikuwa pamekufa, hapakuwa na mtu, ndoo ilikuwa hewani.

Matimbwa hakucheka. Ganzi ilikuwa imefika kiunoni mwa Mwamvua. Jina lake alilitafuta kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakulikuta.

Nilifanya nini? Sikufanya. Hilo ndilo. Sikubonyeza vibaya. Sikuhama. Sikuhama kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nataka kujua.

Basi akaacha kulitafuta kosa. Aliyaondoa macho yake kwenye mkono wa Lubawa, akarudi kona ya tatu, akapiga kordi ile ya galoni, na akaisubiri irudi kutoka uwanjani. Ikarudi. Wakati wa kuhama ukafika, ukampita. Akabaki. Ina nini humu ndani? Akapiga tena. Ina sakafu. Akapiga tena. Ina upepo kidogo upande wa kushoto.

Mkono wa Bi Zamda ukaanza kupepeta. Ukamfuata ndani. Kisha besi ya Matimbwa ikaja chini yao, nzito, ikipapasa kama mtu anayeingia nyumba mpya gizani, ikapata mahali pa kukanyaga. Ndoo ikaanguka. Kilio cha mtoto kikashuka. "Ri," mtu akamalizia. Na muda ukaanza kwenda tena, lakini ulikwenda kwa upande, kwenye uchochoro ambao mji haukuwahi kuupita.

"Nyie humo ndani!" Sauti ya mwanamke ilipasua ukuta kutoka uwanjani. "Nani huyo anapiga?"

Lubawa alifungua mdomo. Yeye ndiye aliyekuwa akiujibu mji siku zote.

"Usimjibie," Bi Zamda alisema.

Wakampa nafasi. Ridhimu na besi zikashuka chini, zikamwachia uwazi mkubwa kama mlango wa karakana, na Mwamvua akasimama ndani yake bila jina. Alisikia mchomo wa sindano elfu ukimshuka kiunoni, mapajani, magotini. Uliuma vibaya sana. Alifurahi.

"Mimi!" alipiga kelele. "Mwamvua! Nakosea!"

Huko nje kikasikika kicheko cha mtu mmoja, kisha vicheko vya watu wengi.

"Haya, kosea tena basi, mwanangu! Huku miguu imeshashika mdundo!"

Akakosea tena. Alikosea akiwa wima, kiti kimelala ubavu nyuma yake. Lubawa alikuwa bado hajaingia. Vidole vyake vilining'inia juu ya nyuzi vikikunjuka na kukunjika, vidole vya mtu ambaye hajui ahame lini. Alijaribu sauti moja, ikachelewa. Akajaribu nyingine. Mwishowe akamwinamia msichana, akauliza kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie:

"Hii inaishia wapi?"

Mwamvua alikuwa anasikiliza ukutani, kichwa amekiinamisha upande.

"Sijui, Mzee," alisema. "Bado sijafika."